Kura ya Namba Mbili

Ukuta una nafasi mbili, majina matatu.
Fundi Kupaza yuko nje na kopo lake la bluu,
kila robo saa anachungulia: bado?
Rangi ikishafunguliwa haingoji wajumbe.

Tumekaa chumba cha nyuma cha ofisi ya uwanja,
Ngamiani, watu saba, sahani moja ya kashata,
na daftari la magoli lililoliwa na mchwa
kuanzia sabini na mbili hadi katikati ya sabini na tano.
Kwa hiyo mchwa nao wamepiga kura.

Singano Kibwana: magoli arobaini na moja.
Hayo hayana ubishi, yameandikwa kwa wino.
Mbio zake, astaghfirullah!
Ukigeuka kutema mate
mpira uko wavuni, naye ameinama anafunga kamba ya kiatu.
Mwinjuma anampigia debe tangu saa tatu.
Ni shemejiye, lakini hilo hatulisemi.

Mbaruku Shehiza aliitwa timu ya taifa,
akapanda ndege.
"Huko alicheza dakika ngapi?" akauliza Bi. Mwanasiti.
Kashata zikatafunwa.
"Benchi," akasema mtu, "lakini benchi la taifa."

Kisha Chambuso.
Magoli sita.
Kijana wa simu kubwa akacheka hadi akapaliwa:
"Winga wa magoli sita! Pembeni pale
alikuwa anacheza au anauza madafu?"

Mimi nilikuwa namba mbili wa Bandari.
Yeye kumi na moja wa Reli.
Miaka tisa tuligawana kipande kimoja cha nyasi,
hatua kumi kwa arobaini, upande wa makaburi,
na sehemu kubwa ya kipande hicho ilikuwa yake.

Wengine walikimbia. Chambuso alisimama.
Aliukanyaga mpira kama mtu anayezuia karatasi isipeperuke,
akakutazama,
akakuacha uchague mwenyewe namna ya kuaibika.
Bega linasema chaki, kiuno kinasema ndani,
na mpira una mambo yake.
Nilikuwa nasikia wauza karanga wakicheka
kabla sijajua kwamba nimeanguka.

Halafu krosi. Si ya kupaisha na kumwachia Mungu,
bali ya kuweka, kama sahani mbele ya mgeni,
na Dafa, aliyekuwa hajui hata kuruka,
akafunga kwa paji la uso, akiwa amefumba macho.
Daftari likaandika: Dafa.
Daftari halina safu ya aliyepakua.

Msidhani namsifu kwa wema. Hakuwa mwema.
Alinipigia mluzi mbele ya wakwe zangu,
na shilingi kumi na tano zangu alikwenda nazo kaburini.
Mwaka mzima nilikuwa naota mguu wake wa kushoto
nikiwa na panga.

Lakini niambieni, winga anapimwa na nani?
Jukwaa liko mbali, lina jua machoni.
Mfungaji hushukuru kichwa chake.
Mwamuzi anatazama saa.
Anayebaki ni yule aliyeachwa,
aliyepanga Ijumaa nzima jinsi ya kumzuia,
akamwambia mkewe, kesho hapiti,
na kesho akapita.
Mimi uso wa Chambuso nimeshausahau.
Mgongo wake ningeuchora sasa hivi:
kumi na moja, moja ya pili imeshonwa upande,
inakwenda, inapungua.

Tukakunja vikaratasi, tukavitia kwenye kofia ya Mwinjuma.
Singano sita. Mbaruku saba.
Chambuso moja.

"Nani huyu?" akasema kijana, akiipunga juu ile moja.
Bi. Mwanasiti akafunga daftari, vumbi la mchwa likamwagika mezani.
Hakuna aliyejibu. Nikainuka kwenda kumwita fundi,
na goti langu la kulia, mbele ya kamati nzima,
likalia kwa sauti.